Maoni kwa Darasa Zima

Jumatatu, 3 Machi
Zimebaki kazi kumi na mbili za kusahihisha. Chai imepoa, mandazi ya jana bado iko kwenye karatasi yake ya daftari. Simu imeng'ang'ania mtandao wa Uganda, ng'ambo ya mpaka, basi kila picha inafunguka kwa kuringa. Wanafunzi wangu ni watu wazima, wasaidizi wa chekechea kutoka pande zote mbili za mpaka. Wanaandika kwa mkono, wanapiga picha, wanatuma kwenye darasa la mtandaoni. Picha zingine zimelala ubavu. Nasahihisha shingo imepinda.

Ya Athieno wa Nabuyoga imekuja na madoa ya mafuta tena. Mara ya tatu! Nimekasirika. Nimempa alama nne kati ya ishirini na kumwandikia: “Athieno, hii ni kazi au karatasi ya kufungia mandazi?” Nikacheka mwenyewe, sitaficha.

Jumanne, 4 Machi
Balaa. Kuna mahali pa kumwandikia mwanafunzi peke yake, na kuna mahali pa darasa zima. Niliandika kwa darasa zima. Asubuhi nimekuta vicheko vimejipanga chini ya maneno yangu, na jamaa mmoja wa Masinya ameagiza mandazi mbili na chai. Nimefuta. Kufuta nini sasa? Simu zao zote zililia jana.

Najisikia vibaya. Lakini kazi ilikuwa chafu kweli.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwomba Athieno radhi. Mahali pa siri safari hii, nimehakikisha kabla ya kubonyeza. Amejibu: “Sawa madamu.” Basi, yameisha. Moyo mwepesi.

Jumatano, 12 Machi
Hayajaisha. Athieno hajatuma kazi ya wiki hii. Hajawahi kukosa, iwe chafu au safi. Kazi ya mwisho ni Ijumaa tarehe 21. Asipoituma hapati cheti, na shule anakosaidia imeshasema darasa la wadogo atapewa mwenye cheti. Nimepiga simu. Inaita tu.

Nimefungua tena ile kazi yake, nikaikuza. Kwa subira inasomeka. Somo la kuwafundisha watoto kuhesabu kwa mbegu za maboga. Somo zuri. Nimebadilisha alama kuwa kumi na tano. Hiyo hakuna aliyeiona, wala kuichekea.

Jumamosi, 15 Machi
Nimevuka mpaka, nikafika Tororo, nikachukua boda mpaka Nabuyoga. Nikamuuliza dereva kama anamjua mwalimu Athieno. Hamjui. Nikamweleza: mama wa makamo, anafundisha watoto wadogo, anasoma kwa simu.

“Aaa! Si useme Mandazi!”

Nilitamani ashike breki nirudi nyumbani.

Kumbe mwanafunzi mwenzake mmoja anatoka huko huko, na maneno yangu alitembea nayo. Na kumbe zaidi: Athieno anakaanga mandazi kweli, pale senta penye maduka, kila asubuhi kabla ya shule. Kazi zangu zote aliziandikia hapo, kati ya mteja na mteja. Mimi sikujua. Sikuwahi kuuliza.

Nimemkuta hapo hapo. Amenipangusia kiti, amenipa mandazi mbili, pesa amekataa. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

“Madamu, mimi nasamehe wewe zamani,” akasema. “Lakini ile maneno watu yote walisoma. Hata wazazi ya watoto. Ile ya kuomba radhi, mimi nasoma peke yangu.”

Nimemwahidi nitaandika mbele ya wote. Akasema asante. Hakusema atarudi.

Jumapili, 16 Machi
Nimeandika, nimefuta. Nimeandika tena, nikafuta tena. Mwalimu akijishusha mbele ya darasa, kesho watamkalia kichwani. Nitaandika kesho.

Jumatano, 19 Machi
Bado. Mikutano mingi. Uongo, mkutano ulikuwa mmoja. Naona haya tu.

Ijumaa, 21 Machi
Nimeandika leo asubuhi. Kwa darasa zima: kwamba nilimdhalilisha Athieno, kwamba kazi yake ilikuwa nzuri, kwamba kosa ni langu na waliocheka walichekeshwa na mimi. Nikabonyeza.

Alama za dole gumba zikamiminika. Yule wa Masinya ameandika, “Heshima kwako madamu.” Yaani nimepata sifa!

Nikatafuta jina la Athieno nione kama ameshatuma kazi. Jina halipo. Nimepitia orodha nzima, juu mpaka chini. Halipo. Darasa linaonyesha alijitoa mwenyewe, jana jioni. Radhi yangu imewafikia wote isipokuwa yeye.

Kwa nini nilingoja? Siku tano nzima nalinda heshima ambayo hakuna aliyeitaka. Nimempigia simu. Inaita tu.

Jumatatu, 24 Machi
Kazi za mwisho zimeingia. Nimesahihisha tangu asubuhi. Moja ina doa la chai pembeni. Nimeisoma yote, polepole, nikaandika maoni, nikaangalia naandika wapi, nikatuma.

Alipojitoa, alama zake ziliondoka naye. Ile kumi na tano sijui kama aliwahi kuiona.

Mvua imenyesha kidogo. Nimekunywa chai tupu.