Muguka Uliopeleka Maua

Mpendwa ndugu yangu Njeru,

Tangu tukuzike nimekuwa nikisema nawe kimoyomoyo. Leo naandika waziwazi, ndugu zetu wengine wasome pia.

Unakumbuka tulivyoanza? Chuo cha ualimu, baridi ya Embu inakata masikio, na sisi vijana wa Meru hatuketi meza moja na nyinyi wa Embu na Mbeere. Ni wewe uliyechoka na upuuzi ule. Ulibeba sahani yako ya maharagwe, ukaja ukaketi katikati yetu. "Leo mimi ni Mmeru," ukasema. "Nani atakuwa Mwembu?" Nikacheka, nikahamia meza yenu na sahani yangu. Hivyo tu ndivyo Udugu wa Bweni ulivyozaliwa, na kila mwaka tukawaingiza wanafunzi wapya kwa kuwabadilisha meza.

Kisha tukaweka sheria: ndugu akienda kuposa, wote tunamsindikiza, na mzigo wake wa zawadi za wakwe unabebwa na ndugu wa upande wa pili. Nilipompata Kagendo, zamu ikawa yako. Nilikuambia ulete miraa. Nawe, mtoto wa Mbeere, ukaleta unachokijua: mfuko wa muguka, miraa ya kwenu! Majani matupu, mbele ya wazee wa mji wa Maua, kwao Kagendo, waliongoja ncoolo, lile fungu la miraa la heshima linalofungwa kwa jani la mgomba. Baba yake Kagendo alichungulia mfuko, akarudi nyuma.

"Hii ni nini? Mmekuja kuoa ama kunicheka?"

Nilitamani ardhi inimeze. Ulianza kuomba radhi. Ndipo ndugu zetu wakasimama, Wameru kwa Waembu, na Muriungi, Mmeru mwenzangu, akasema, "Mzee, ni sisi wote tumekosa. Tupige faini wote." Mzee akatutazama mmoja mmoja, akaitisha mbuzi wa faini, halafu akacheka mpaka machozi. Hadi leo Kagendo hunitania kwamba aliolewa kwa muguka.

Sasa sikia, ndugu. Udugu wetu unakufa. Tangu tugombanie uenyekiti, Wameru wanakutana kivyao, Waembu kivyao. Na Jumamosi hii mwanao Nyaga anakwenda kuposa, tena huko huko Maua. Kwa sheria yetu, mzigo ni wa Mmeru. Nilimpigia simu Muriungi, Muriungi yule yule, akanijibu, "Mutuma, hizo ni vitu za chuo, bana. Waembu si wako na watu wao? Wapeleke kijana wao." Waembu nao wanasema hawaendi mahali Wameru watakuwa. Wengine hata simu hawashiki.

Nina hasira, Njeru, na nina hofu. Nyaga ananiita baba. Kila jioni ananiuliza, "Baba, wazee wa Udugu watakuja?" nami namwambia watakuja, huku nikiangalia pembeni. Ungekuwapo ungebeba sahani yako ukaketi katikati yao. Mimi sijui kufanya ulivyofanya.

Ncoolo nimeshaiagiza, itafungwa inavyotakiwa, hakuna mzee atakayeulizia faini. Siku ile ulikosea mbele ya wakwe, tukasimama wote. Jumamosi sitakosea chochote, na huenda nikasimama peke yangu.

Lala salama, ndugu.

Ni mimi, Mwembu wako wa meza ya pili,
Mutuma