Chatu wa Watu wa Sinema

Baba Zuhura,

Wiki iliyopita tulikuzika Ulaya, hii Ulaya yetu ya Kilosa. Nilikwenda na Zuhura, nikakaa na wanawake upande wa jikoni. Mkeo uliyemwoa baada yangu alinipa chai kwa heshima. Sasa nimerudi Kimamba, nakuandikia jambo ambalo sikukutamkia ulipokuwa hai.

Ulikuwa mkata mkonge. Nyoka akionekana shambani wenzako walikuita wewe, maana ulimkamata mzima ukaenda kumwachia mtoni. Serikali ilikuwa imeyachukua mashamba na kazi zilikuwa zimepungua, ndipo wazungu wa sinema walipofika Mikumi kutengeneza picha ya watu wanaotafuta hazina porini. Waliuliza nani awapatie nyoka hai. Ukatajwa wewe.

Ulileta chatu mmoja mkubwa na nyoka wadogo wasio na sumu. Masika yakaanza, barabara ikakatika, wazungu wakatuma habari tuwatunze nyoka mpaka pakauke. Wadogo walikaa kwenye magunia. Chatu alikaa kwenye sanduku la mbao chumbani kwetu, kwa sababu stoo ilivuja. Mama yako alimbeba Zuhura mgongoni siku ileile, akahamia kwa dada yako Magole.

Mimi nilibaki. Mchana kutwa ulikuwa kazini, kwa hiyo maji nilimpa mimi, sanduku nilisafisha mimi. Mwanzoni nilimshika kwa kitambaa, baadaye kwa mikono mitupu.

"Mmezoeana," uliniambia.

"Hana njaa tu," nikakujibu.

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Tulikuwa na raha masika ile, sitalificha hilo.

Palipokauka tulikwenda naye Mikumi kwa lori. Mwigizaji wao wa kike alitakiwa alale kwenye shimo huku chatu akimpitia mwilini. Alipomwona, alilia na kukataa. Mkubwa wao, yule tuliyemwita Bwana Kofia, akaniona nikimtoa chatu kwenye sanduku. Akazungumza na mkalimani, mkalimani akakuuliza wewe.

"Ataweza," ukasema.

Ulinitazama baada ya kujibu. Nami nikakubali, maana kweli niliweza, na nilitaka waone. Walinivisha gauni la yule mwigizaji na nywele za bandia. Wakanipaka rangi mikononi na shingoni mpaka nikawa kama ukuta uliopigwa chokaa. Niliambiwa nigeuze uso upande wa udongo.

Kwanza chatu alilala tu, mzito kama gunia la mahindi. Lakini taa zao zilikuwa na joto, na joto lilimwamsha. Akapita kiunoni, akazunguka, akakaza.

"Baba Zuhura, ananibana," nikasema.

Nikarudia. Mara ya pili sauti haikutoka vizuri. Nikageuza shingo nikakuona umesimama kando ya kamera na ile fimbo yako ya kukamatia nyoka. Uliniona. Kisha ukamtazama Bwana Kofia. Alikuwa ameinua kiganja usubiri, picha ilikuwa inatoka vizuri. Nawe ukasubiri.

Sijui ilichukua muda gani. Nakumbuka nyaya za taa, na shati la kaki walilokupa. Alipoteremsha mkono ndipo ulipoingia shimoni, ukashika mkia, ukaanza kumkunjua. Wanaume wengine walikusaidia. Watu wakapiga makofi.

"Wanasema wewe ni jasiri," mkalimani akaniambia.

Ulinifuta ile rangi shingoni kwa kanga yangu.

Mbavu ziliniuma kwa muda mrefu, kisha zikapona. Zuhura alirudi nyumbani. Tukaishi, tukala, tukasalimia majirani. Watu walipoanza kuhamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, ukachagua kurudi kwenu Ulaya. Nikakataa kwenda, nikaomba talaka. Shehe aliniuliza sababu. Nikamwambia siwezi kuiacha Kimamba, na wote wakaamini, maana wakati ule kuhama kulivuruga nyumba nyingi. Ulinipa talaka bila ugomvi. Nilikuona mtu asiyejua hata alichokifanya, na hilo liliniudhi kuliko yote.

Jana Zuhura alikuwa anaosha vyombo uani. Nikamsimulia yote, mara ya kwanza. Hakushtuka.

"Baba alinieleza," akasema. "Siku nilipompelekea habari za mchumba."

"Alikwambiaje?"

Akaweka sufuria chini. "Alisema, 'Mama yako aliomba msaada, mimi nikaomba ruhusa. Ukimwona mwanamume wa namna hiyo, usiolewe naye.'"

Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta vyombo alivyoosha. Miaka yote hiyo wewe ulijua ukiwa Ulaya, nami nilijua nikiwa hapa, na kati yetu ni mwendo wa baiskeli tu. Ungekuja kunieleza, sidhani kama ningerudi. Lakini ningekukaribisha ndani.

Miaka yote nilikutaja mbele ya wajukuu kwa neno "yule". Leo asubuhi mdogo wao aliniuliza ni nani niliyekwenda kumzika wiki iliyopita. Nikamwambia, "Babu yako."

Pumzika, Baba Zuhura. Mungu akupokee.

Mimi,
Mama Zuhura