Kwa Yaya Ramazani, Aliyewauzia Watu wa Bure

Yaya Ramazani,

Nimekaa dukani, mtaa wa Manika, kwenye vitenge vya mama. Wateja hakuna, na mkono umeenda wenyewe kwenye simu kuangalia kama uko mchezoni. Hupo. Basi nakuandikia, kaka yangu, ingawa hukuwahi kusoma ujumbe wangu hata mmoja mpaka mwisho. "Mwamini, weye unaandikaka sawa pasteri," ulikuwa unaniambia. Leo utavumilia mahubiri, huna pa kukimbilia.

Tangu lori lipinduke kwenye njia ya Mutshatsha na kukuchukua, depo yenu ya unga haikufungwa hata kidogo. Lori limetengenezwa. Mdogo wako Hamisi ndiye analiendesha, na anapiga honi kwa kila kuku. Mama yako, Mama Zaituni, amekonda, lakini anakula. Jana nilimsikia akimfokea mbeba mizigo, nikafurahi.

Watu wakiniuliza tulijuana vipi, nasema tulikuwa majirani, depo yenu na duka letu zinagusana ukuta. Habari ya mchezo siisemi. Nani ataelewa kwamba mtu mzima, dereva wa lori, alikuwa na nchi nyingine ndani ya simu, yenye milima na wanyama wa ajabu na watu wa dunia nzima, na kwamba humo alinifanyia wema kuliko ndugu wengi?

Kuingia ni bure, ndivyo walivyoandika mlangoni. Siku ya kwanza nilidhani simu yangu ni mbovu. Naandika salamu pale uwanjani ambapo wote wanasoma, haziendi. Naingia sokoni na ngozi nilizowinda mwenyewe, natolewa. Begi likijaa, siokoti tena hata jani. Mimi, niliyelelewa chini ya meza ya vitenge, nakatazwa kuuza. Niligombana na simu mpaka ukanisikia ng'ambo ya ukuta, ukaja unacheka. "Simu yako haina kitu. Weye ni mutu wa bure, njo maana." Ndipo nikajua kuna wanaolipa kila mwezi na kuna sisi. Mdomo, soko, begi pana, vyote ni vya wanaolipa. Ulichukua ngozi zangu, ukaziuza kwa jina lako, ukanirudishia malipo yote, ukaondoka kupakia unga.

Hivyo tu, yaya. Hukunifanya nikuombe. Nimekutana na wengine wanaolipa humo ndani. Wanataka uwasujudie kwanza, halafu wanachukua nusu.

Kuanzisha kundi pia ni kwa wanaolipa, na kuliongoza vilevile, kwa hiyo wewe uliyekuwa na uwezo ukaanzisha la kwetu, ukaliita Kolwezi, jina la mji wetu. Ukaniingiza mimi, ukamwingiza Jules, yule mkulima wa Sandoa uliyekuwa unamsafirishia mahindi, ukaingiza vijana wachimbaji wanaocheza mvua ikiwazuia kushuka shimoni. Tukakuita Kapita, msimamizi wetu. Foleni ya kupakia ikikwama, madereva wengine wanatukana, wewe unatuuzia panga na ngozi zetu. Na adhana ilipokuwa ikiita, ulikuwa unaweka simu chini hata kama tuko katikati ya vita. Tunabaki tunapigwa na mnyama mkubwa kama nyumba, tunakufa, tunarudi, tunakufa tena, mpaka umalize kusali. "Ule nyama hana kazi ingine," ulisema, "atatungoja." Nilikasirika kila mara. Sasa nikikumbuka nacheka peke yangu hapa dukani na mama ananitazama vibaya.

Baada ya arobaini yako, Mama Zaituni aliniita. Alikuwa ameishika simu yako ndani ya kitambaa. Akasema, "Chukua, mama. Batu bake bengine bako mule ndani, habajue. Ubaambie." Nilitaka kukataa. Lakini ni kweli, wachimbaji walikuja kukuzika, ila pale uwanjani ulikuwa na marafiki kila pembe, na mwenye mdomo wa kuwaambia alikuwa wewe mwenyewe. Nikaingia kwa jina lako.

Sikufikiria jambo moja. Ukiingia wewe, simu ya kila mtu wa kundi inaandika: Kapita ameingia. Kijana mmoja alikuwa kando ya shimo anakula mkate. Aliniambia baadaye kwamba aliitupa simu kwenye matope akakimbia. Wenzake walimcheka, lakini nao hawakuishika.

Aliyekuja mbio ni Jules. Huko Sandoa mtandao ulikuwa umekatika kwa muda mrefu, na hakuna aliyempata. Akaandika kwenye kundi, ambako hata watu wa bure wanaandikiana: "Kapita, reseau ilikufa huku, nilisema mulinisahau." Mtu wake wa mchezoni anaruka-ruka mbele yako, maskini, na ile kofia yake mbaya. Nikaandika: Jules, ni mimi Mwamini. Ramazani alikufa. Akajibu: "Kapita, acha michezo."

Unalaumika, yaya. Mara ngapi ulilala chini ukajifanya umekufa ili tuje kukuokoa, halafu ukainuka unatucheka? Ikabidi niandike tena, kwa jina lako, kwamba umekufa. Nikaandika kuhusu lori. Nikaandika mahali tulipokuzika. Nilikuwa nakosea herufi kila neno, na pengine hilo ndilo lililomwaminisha, maana wewe hukuwa unakosea.

Akamketisha mtu wake chini.

Kukaa chini ni bure, hawajatunyima hilo. Wachimbaji wakaanza kuingia mmoja mmoja, kila anayefika anaketi. Ilikuwa kama kwenye kilio cha kwetu, mtu anafika, anakaa tu na wenye msiba na hilo linatosha. Wenye kulipa walikuwa wanapita na farasi wao wa kung'aa, wakashangaa. Mmoja alitaka kutuuzia ngao. Mwingine akauliza mnafanya nini hapa, na kati yetu wote aliyeweza kujibu pale uwanjani alikuwa wewe. Nikajibu kwa jina lako: Tuko kwenye kilio. Akashuka kwenye farasi, akaketi. Halafu wa pili. Nilimwonyesha Mama Zaituni kioo cha simu, nikamwambia wale wote wamekuja kwa ajili ya mwanawe. Akauliza kama wamepewa maji ya kunywa.

Ila ulituachia shida. Ulikuwa umelipia miezi kadhaa mapema, na muda huo ulikuwa unakaribia kwisha, na kundi lisilo na kiongozi anayelipa linavunjwa. Nikawaeleza wenzetu. Vijana walitaka tuendelee kukulipia wewe, mimi niwe naingia kwa jina lako kila siku. Walisema kwa mapenzi, najua. Mimi sikuweza. Nilishamwona Jules akikurukia kwa furaha, sitaki kumwona mwingine.

Basi tukafanya likelemba, kama akina mama wa sokoni. Kila mwezi wote tunachangia, tunamlipia mmoja, naye ndiye anayeongoza, anawasemea na kuwauzia wengine. Mwezi ukiisha, zamu inahama. Jules alisema ya kwanza iwe yangu, kwa sababu mimi najua kuuza.

Lakini uongozi haukuja wenyewe. Wewe ndiye ulipaswa kuukabidhi. Nikaenda depo mchana, nikakaa na mama yako juu ya magunia, nikaingia kwa jina lako mara ya mwisho. Nikachagua jina langu. Simu ikauliza: Una hakika? Nikabaki nayo mkononi. Sikuwa na hakika ya kitu chochote.

Mama Zaituni akauliza, "Ukibonyeza, mwana wangu ataenda wapi?" Nikamwambia haendi popote, atabaki ndani ya kundi, ila hatabeba tena mizigo ya watu. Akaichukua simu, akatafuta pa kubonyeza na kidole chake, nikamwonyesha.

"Alichoka," akasema, na akabonyeza.

Kwa hiyo pumzika, yaya wangu. Nilikuwa na kinywa kilichofungwa, ukanisemea. Sikuwahi kukuambia asante vizuri, nilidhani tutakuwa na muda, basi ipokee leo: asante. Muda wako umekwisha, na wewe sasa ni mtu wa bure. Begi lako nimelibeba mimi. Nakuahidi, zamu ikiwa yangu, mtu wa kwetu hatatolewa sokoni na mzigo wake mikononi. Na zamu ikiwa si yangu, nitamsumbua mwenye zamu mpaka auze.

Mdogo wako,
Mwamini