Mama ya Yule Mnamngoja

Baba,

Sitakuuliza u hali gani. Niliona ukishushwa, na udongo niliutupa kwa mkono wangu. Nakuandikia kwa sababu kuna fujo umeiacha hapa Katito, halafu ukaenda zako kulala.

Fujo yenyewe ni ile ya "baba ya daktari." Kila penye sherehe, nyatiti ikipigwa, ulikuwa unatoa shilingi yako, unasimamisha wimbo na kuanza kujisifu. Pakruok, huko kujisifu kwa kulipia, ilikuwa dini yako ya pili. "Mimi ni trekta ya Muhoroni, navuta miwa mpaka mlima unaniamkia. Mimi ni baba ya daktari." Na huyo daktari ni mimi, niko kidato cha pili, nimeanguka biolojia. Mama anakuvuta pindo la koti ukae, nawe ndio unaongeza sauti.

Basi watu waliamini. Tangu nimalize shule niko nyumbani nangoja chuo kikuu kifunguliwe, na wagonjwa wamekuwa wakinijia. Mzee Okelo, jirani yetu, alivua kiatu jikoni akaniwekea mguu juu ya kigoda. Nikamwambia auoshe kwa sabuni na abadilishe soksi. Ukapona, na hapo ndipo nilipoharibikiwa, maana baada yake nililetewa mpaka mbuzi anayekohoa.

Sasa nimeitwa chuoni, Baba. Lakini si udaktari. Ni shahada ya sayansi tu, haina mkia. Watu wakiuliza sayansi ya nini, nasema ya yote, nao wananitazama kama abiria asiyejua anashuka wapi. Aliyekasirika zaidi ni Baba Mkubwa, kaka yako muuza magodoro kule Kondele. Unajua watoto wake wote wana kazi zenye kofia: polisi, reli, askari jela. Akauliza, "Msichana anasoma kila kitu ili awe nani?" Akanitafutia nafasi chuo cha ualimu. Na wewe ukiwa huko uliko, yeye ndiye baba. Bila neno lake siendi popote.

Wewe ungenielewa, hata kama ungeanza kwa kufoka. Harusini hukuwahi kupakua mara moja. Ulizunguka sufuria zote kwanza, unaonja samaki kidogo, kuku kidogo, halafu unarudi kwa moja, na hapo hakuna wa kukuondoa. Digrii yangu ni hivyo hivyo. Mwaka wa kwanza naonja kemia, botania, zuolojia na hesabu. Wa pili naacha moja, nadhani hesabu, tusidanganyane. Nikikaribia mwisho ndipo nakaa kwa sufuria yangu.

Na kosa ni lako. Kabla hujaugua tulienda Kendu Bay, tukakuta lile gugu maji limefunika ziwa hata maji hayaonekani. Ukaniuliza linakula nini, linawafanyia nini samaki, na ni dawa gani inaweza kuliondoa bila kutuua sisi. Nilipofika nyumbani nikagundua kila swali lina mwalimu wake, na hao walimu hawakai ofisi moja. Sitaki kuchagua swali moja kabla sijayaonja yote. Nilimweleza Baba Mkubwa hayo ya sufuria. Akasema kumbe ni njaa, akaniagizia chapati.

Jumamosi tulifanya ukumbusho wako. Walikuja wengi, na walikula kama uliwaachia wosia. Nyatiti ilipokolea, Baba Mkubwa akatoa noti, siyo shilingi, akasimamisha wimbo. "Mimi ni baba ya kofia tatu," akasema. "Na huyu wa marehemu, kuanzia mwezi ujao, ni mwalimu."

Unajua desturi. Ukishatangazwa mbele ya ukoo namna hiyo, ukinyamaza umekubali. Watu wote wakanigeukia. Nikatafuta sifa ya kumjibu nayo. Daktari si mimi, injinia si mimi. Kwa dakika hiyo nilikuchukia kidogo, Baba, kwa kufa wakati nakuhitaji.

Ndipo Mama akasimama. Alikuwa amevaa koti lako, kama mjane wa kwetu anavyotakiwa, mikono ya koti imemmeza vidole. Mama, ambaye hata kanisani hutoa ushuhuda akiwa ameketi. Nami kwa mazoea ya nyumba yetu nikamshika pindo nimkalishe. Akanipiga kofi mkononi. Akatoa shilingi yake kutoka mfuko wako.

"Mimi ni mama ya yule mnamngoja," akasema. "Watoto wenu tunawajua, mpaka saizi ya kofia. Wangu hata serikali haijajua atakuwa nani. Kaeni chini, mngoje."

Mpiga nyatiti alilidaka neno lile hapo hapo, akaliimba mpaka wazee wakainuka. Mzee Okelo akaunyanyua mguu wake juu watu wauone. Baba Mkubwa alikunja uso kwanza, halafu akaanza kucheka, halafu akatoa noti nyingine ili naye aitwe baba mkubwa wa yule mnamngoja. Ni ndugu yako, sifa nzuri hawezi kuiacha ipite. Amenipa godoro, na lori lake litanibebea sanduku mpaka chuo kikuu.

Naondoka Jumatatu. Jana tukimenya viazi nilimuuliza Mama alipata wapi ujasiri ule. Akasema si yeye, ni koti. Limezoea kusimama. Kisha akalia, nami nikalia, na viazi tukavimenya vibaya, tukavila hivyo hivyo.

Nimekukosa sana, Baba. Pumzika sasa, fujo yako tumeimaliza. Siku nitakapojua sufuria yangu ni ipi, nitarudi hapa Katito, nitatoa shilingi na kusimamisha nyatiti. Nitaanza na trekta ya Muhoroni kabla sijajitaja mwenyewe. Na Mama akinivuta pindo, sitakaa.

Binti yako,
Akinyi