Zege Lililoganda Uani

Kigonsera, Jumamosi

Hata sasa sijui ningefanya nini.

Zege lilikuwa limeshachanganywa, vibarua wameshika makoleo, ndipo shemeji, mdogo wa marehemu mume wangu, alipoingia kwenye mtaro wa msingi wa nyumba yangu mpya akaketi humo.

"Shemeji, toka tafadhali. Zege linaganda."

"Acha ligande. Ardhi hii ni ya ukoo. Kaka hayupo, wewe utarudi kijijini kwenu Ruanda."

Watoto wangu wote wamezaliwa hapa. Nikampigia magoti mama mkwe aliyesimama mlangoni. "Mama, sema neno." Akatazama chini. Yule ni mwanawe, na mimi...

Fundi alilinyunyizia maji, akaligeuza, akalinyunyizia tena. Jua likapanda. Mwishowe akaweka koleo chini. "Mama, limeshashika. Halifai tena."

Hapo shemeji akanyanyuka, akakung'uta suruali, akaniaga kwa heshima kama siku zote.

Kahawa yangu yote ya msimu huu, niliyowauzia wanunuzi binafsi wanaolipa papo hapo ili nipate simenti, sasa ni jiwe uani.

Jioni mama mkwe aliniletea ugali, tukala pamoja. Nilitaka kumchukia. Hata hilo nimeshindwa.