Kadi za Bumula Ziko Chini ya Meza Yangu

Mpendwa mshauri Bi Arafa, naomba msaada wako na naomba uniharakishie, kwa sababu Jumamosi ya wiki ijayo kuna mkutano hapa Kitale na mtu asiye na kosa atafukuzwa kazi mbele ya watu, na kama ingekuwa ni kufukuzwa tu ningesema atapata kazi nyingine, lakini huu mwaka wa tisini na saba ni wa kura na wewe unajua mambo yalivyokuwa huku tisini na mbili, nyumba zilichomwa, watu wakalala kanisani miezi, na sasa naona yale maneno yameanza tena na safari hii yameanzia kwa meza yangu.

Mimi ni mjane, mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Bokoli, na nafanya kazi kwa redio moja ndogo hapa mjini. Tuna kipindi cha asubuhi cha mazungumzo, watangazaji ni wawili, Bwana Kibiwott wa kutoka Cheptais kule mlimani na Bwana Bramwel wa Bumula, upande wetu wa Bungoma, wanabishana juu ya bei ya mahindi, barabara, mashamba, na siku hizi siasa, halafu wanawapa wasikilizaji nafasi. Simu huku ni chache kwa hivyo watu wananunua kadi dukani, wanaandika maoni yao pamoja na salamu za watu kumi, wanatia posta. Bramwel anapokea simu na Kibiwott anasoma kadi, ndivyo walivyogawana tangu mwanzo. Lakini Kibiwott hachagui kadi, mimi ndiye nachagua. Gunia likitoka posta nalimwaga mezani, napanga kadi kulingana na mahali zimetoka, kila fungu nalifunga na mpira, halafu nachomoa ishirini nampelekea studio kabla taa nyekundu haijawaka. Msikilizaji hajui hata kama mimi niko duniani.

Sasa mwezi wa nane akaja mwanamume wa koti na kofia, hakusema anatoka ofisi gani, na huku kwetu mtu asiposema anatoka ofisi gani wewe unajua tu. Meneja wetu Bwana Kinyua alikuwa ametoka. Huyo mtu akachukua fungu la Bumula, akasoma kadi moja, akasoma ya pili, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, hawa wanaosema serikali imelala, si sanduku zao za posta ziko hapa kwa kadi?" Nikasema ziko. "Na majina?" Nikasema majina pia. Akacheka kidogo akasema atarudi siku nyingine tuzungumze vizuri. Bi Arafa, kaka yangu mkubwa alichukuliwa na watu wa aina hiyo hiyo mwaka wa themanini na sita kwa sababu ya karatasi tu, karatasi waliyomkuta nayo mfukoni, na aliporudi hakuweza tena kukaa chumba ambacho mlango umefungwa, mpaka leo anakulia nje hata mvua ikinyesha. Nilipoona kadi mikononi mwa yule mtu nilimwona kaka yangu.

Siku hiyo nikatoa kadi zote za maneno makali nikaziweka kwa katoni chini ya meza. Wiki iliyofuata nikaanza kuogopa hata zile za salamu tupu, kwa maana watu wameanza kuficha siasa ndani ya salamu, mara "salamu kwa wote wa vidole viwili", ile alama ya wapinzani, mara mambo mengine hata siyaelewi, basi nikaficha Bumula yote, kisha Bokoli kwetu, kisha Bungoma mjini. Kibiwott nikawa nampa za Cheptais, za Kapsokwony, za Endebess na za hapa Kitale. Yule mtu alirudi mara mbili, akapekua mezani, hakupata kitu. Nikajiambia nimewaokoa watu wangu, na nikalala vizuri, nisikudanganye.

Kumbe wale watu wa salamu wako na daftari! Huko Bumula kuna chama cha salamu, wanakutana kwa kinu cha kusaga mahindi wanasikiliza pamoja, na kila kadi ikisomwa wanaandika tarehe na mahali imetoka. Wiki nane hawakusikia Bumula hata mara moja. Wakaja mpaka ofisini, mwenyekiti wao akaligonga lile daftari kwa meza ya Bwana Kinyua, akasema, "Hii redio ni ya watu wa mlima bana! Ati kipindi cha wananchi! Huyu Kibiwott wenu yuko kwa chama cha serikali, angalieni wenyewe, sisi si tunanunua kadi kama wengine?" Tangu siku hiyo Bramwel hamsalimii mwenzake, na walikuwa wanakula sahani moja. Juzi akasema hewani, "Wengine wetu hapa wanasoma kwa jicho moja." Watu wa Bungoma wanapiga simu kutukana. Watu wa mlimani nao wanapiga kumsifu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, "Kibiwott endelea hivyo hivyo, waonyeshe!" Yeye akawajibu, "Mimi sina hivyo hivyo yoyote, nasoma kadi," wakacheka wakifikiri ni ujanja.

Mara moja tu aliniuliza, mwezi wa tisa, "Mama Metrine, siku hizi Bumula hawaandiki?" Nikamwambia posta ya huko ina shida. Akaniangalia, akachukua kadi zake akaingia ndani.

Wiki iliyopita mkewe Cherono, ambaye anauza mitumba soko la Bungoma na amekaa hapo miaka kumi na mbili, anaongea Kibukusu chetu kuliko watoto wangu, vijana walipindua meza yake, wakamwambia, "Peleka nguo zako mlimani. Bwanako ametunyima redio, na sisi tunakunyima soko." Mmoja akarusha jiwe likampasua juu ya jicho. Nilienda kumwona na kilo mbili za sukari, akanishika mkono akasema, "Mama Metrine, wewe ni wa huko, si uwaambie bwanangu hana ubaya." Nililia naye, halafu nikaondoka bila kumaliza chai.

Jumatatu Bwana Kinyua alimwita Kibiwott, mimi nikiwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe. "Kwa nini husomi kadi za Bungoma?" Akasema, "Nasoma ninazopewa." "Unapewa na nani?" Akasema, "Napewa na kituo." Basi ndiyo meneja akaitisha huo mkutano ukumbi wa kanisa, watu wa pande zote mbili waje, Kibiwott ajibu mbele yao.

Mimi hakuna anayenishuku kwa sababu natoka Bokoli. Mwenyekiti wa salamu ananisalimia kwa lugha yetu, ananiambia, "Dada vumilia, tutakutolea huyo mtu." Juzi nikafungua ile katoni nikakuta kadi ya mama mmoja wa Bumula, ya mwezi wa tisa, haina siasa hata kidogo, anaomba tumtangazie binti yake Nasambu anayefanya kazi shamba la maua karibu na Kitale kwamba baba yake ni mgonjwa sana, aje nyumbani. Nimeisoma mara nyingi sana. Nikisema ukweli nafukuzwa kazi, watoto wangu wataenda wapi, watu wangu wataniita msaliti na yule mtu wa kofia atajua kadi ziko wapi. Nikinyamaza Kibiwott amekwisha. Nimefikiria kuchoma katoni, nimefikiria kuacha kazi kimya kimya, nimefikiria kumwandikia meneja barua bila jina. Nifanye nini? Sina mwingine wa kumwuliza.

Ni mimi, Mchaguaji wa Kadi, Kitale.

BI ARAFA ANAJIBU

Wasomaji, jibu hili nililituma kwa mkono Jumatano, siku tatu kabla ya mkutano, na ninalichapa sasa kama lilivyokuwa. Majina nimeyabadilisha, na mama mwenyewe amenipa ruhusa.

Mama Metrine, pole. Nakupa pole ya kweli, kwa ajili ya kaka yako na kwa ajili ya hofu yako. Nimeishi Bungoma karibu na msikiti tangu nilipoolewa na ninawajua wanaume wa koti wasiosema wanatoka ofisi gani. Hata kwenye droo yangu zimo barua mbili za wake ambao waume zao walichukuliwa. Nimeziweka tangu Juni nikijiambia wasomaji wanapenda mambo ya ndoa. Kwa hiyo ninapokugombeza leo, jua kwamba najigombeza pia.

Sasa sikiliza. Kama ulitaka kuwalinda wale watu, si ungeshika makasi? Ungekata majina, ungekata sanduku za posta, ukaacha maneno yasomwe, "msikilizaji wetu wa Bumula anasema," yakaisha. Wewe ukawafunga mdomo bila kuwauliza, halafu ukaita huko kuokoa. Tena umefanya nini? Umechukua kila mtu wa Bungoma aliyesema neno kali, jina lake na sanduku lake la posta, ukawakusanya wote kwenye katoni moja, ukaiweka chini ya meza ambayo yule mtu ameipekua mara mbili! Siku atakayoinama tu, kazi yake umeshamfanyia. Ebo! Mama mzima, hukuliona hilo?

Kuna na lingine ambalo umeliandika kwa mkono wako na hukuliona. Kibiwott anajua. Mtu anayeletewa kadi na mkono mmoja kila asubuhi anaujua mkono huo. Alikuuliza mwezi wa tisa, ukamdanganya, akakuangalia. Jumatatu ile meneja alimwuliza nani anampa, nawe umesimama pale na vikombe vyako, akasema ni kituo. Angetaja jina lako angetoka ofisini akiwa huru, na mkewe angerudi sokoni. Hakukutaja. Sijui ni kwa sababu ya watoto wako, au kwa sababu anajua mtu wa mlima akimnyoshea kidole mama wa Bokoli mwaka huu kitatokea nini. Lakini amekubeba wiki zote hizi, na wewe ukampelekea mkewe sukari.

Usiniambie habari ya barua bila jina. Barua bila jina itasema nini ambacho Bramwel ataamini? Watasema Kibiwott ameiandika mwenyewe. Na kuacha kazi kimya kimya ni kumwachia mzigo na kumfungia mlango.

Leo ukipata karatasi hii, nenda na katoni nyumbani. Kaa na makasi, kata majina yote na sanduku zote, hizo sehemu zitie jikoni ziungue, maneno yabaki. Kadi ya mama Nasambu usiikate na usiingoje redio. Kesho kabla ya kazi nenda mwenyewe hilo shamba la maua, umtafute huyo msichana umpe mkononi, na kama utakuta umechelewa, baba ameshazikwa, utasimama hapo umsikilize atakachokuambia. Hilo sina njia ya kukupunguzia.

Ukitoka huko nenda kwa Kibiwott. Nenda kwanza kwake, si kwa meneja, na umwambie mbele ya Cherono, maana jiwe lilimpiga yeye. Usibebe kitu mkononi. Usianze na habari ya kaka yako, maana ukianza naye utakuwa unaomba uhurumiwe, na leo si zamu yako. Sema ulichofanya, unyamaze, wakufokee wakitaka. Halafu Ijumaa mwingie nyote wawili kwa Bwana Kinyua, wewe ukitangulia. Mwambie habari ya yule mtu wa kofia pia. Meneja ambaye hajui nani anapekua meza za ofisi yake naye ana maswali ya kujibu, na hilo linaweza kukusaidia. Huenda utafukuzwa. Sitakudanganya. Ukifukuzwa, niandikie, ninawajua watu wenye maduka Bungoma na Webuye na nitawasumbua mpaka mmoja akuchukue. Lakini Kibiwott naye ana watoto, na wao hawakuchagua kadi yoyote.

Unaogopa kuitwa msaliti. Watakuita. Neno hilo halipasui mtu juu ya jicho. Wewe ni wa kwao, watanuna, watakununia hata mwaka mzima, na mwishowe watakupa nafasi ya kueleza. Yeye hawatampa. Hiyo ndiyo tofauti yenu ndani ya ukumbi huo, na ndiyo sababu jambo hili haliwezi kusemwa na mwingine isipokuwa wewe.

Jumamosi kaa mbele. Sema kwanza kwa Kibukusu wazee wa Bumula wakusikie vizuri, kisha kwa Kiswahili wa Cheptais wasikie yale yale, asitoke mtu akisema uliwaambia wengine vingine. Usingoje mwenyekiti amalize kusoma daftari lake. Kibiwott akishaitwa jina na kusimamishwa mbele ya watu wale, hata ukilia ukweli wote baada yake watasema amekununua. Simama kabla hajaitwa.