Maharagwe Uliyoyaweka kwa Mama Kinoti

Mama,

Sasa hivi Karimi amelala kifudifudi juu ya maharagwe. Nilikuwa nimeyaanika kwa turubai hapa uani, yeye anacheza na gunzi la mahindi, halafu tukasikia mtu anakohoa huko njiani. Mtoto wa miaka minne, Mama. Aliirukia leso yangu kwa kamba ya nguo, akaitandaza juu ya maharagwe, akajitupa hapo juu, mikono na miguu ameipanua kama kuku anayefunika vifaranga. Akaniangalia, akaweka kidole kwa mdomo. Mtu akapita. Alikuwa tu mzee wa maziwa na punda wake. Karimi akainuka, akaniambia polepole, "Hajaona."

Nilicheka kwanza. Halafu nikaingia ndani kutafuta kalamu, kwa sababu hakuna mwingine naweza kumwambia hii isipokuwa wewe. Mwanao Mutwiri yuko Embu kwa mjengo, nikimpigia simu namtia wasiwasi bure. Na huyu mtoto tulimpa jina lako. Siwezi hata kumgombeza vizuri. Nikiita hilo jina kwa ukali naona kama nimekukosea heshima.

Hiyo ya kuficha, ni mimi nimemfundisha. Sio kwa maneno peke yake. Ameniona.

Unajua mahali nilitoka. Nilikuja hapa Kiirua nikiwa mke wa mwanao, msichana wa Mbeere, na kwetu mvua ikikosa mara mbili tulikuwa tunakula jioni peke yake. Mama aliyenizaa alikuwa anafunga ufunguo wa stoo kwa leso kiunoni, analala nao. Sikujua kuna njia ingine ya kuishi na chakula. Wiki ya kwanza kwako nilificha viazi viwili vya kuchemsha chini ya godoro. Ulivipata ukitandika. Uliniwekea chumvi kidogo kwa karatasi hapo kando, ukarudisha godoro. Mpaka leo nikikumbuka hiyo chumvi nacheka peke yangu.

Na yale maneno yako. Kila siku nilikuwa nakuletea habari za vitu kuisha. "Mama, sukari imebaki kidogo." Wewe unaendelea kumenya viazi, unasema, "Basi iko." Chumvi imebaki kidogo. Basi iko. Kuni, unga, sabuni. Iko. Nilikuwa naona kama hunisikii. Nilitaka na wewe uogope, tuwe wawili.

Siku ile ya mwisho hospitalini nilikuuliza kama nguvu iko, ukasema, "Imebaki kidogo." Na mimi nikalia. Mama, jibu lilikuwa lako, nilikuwa nalisikia kila siku kwa hiyo miaka yote, na siku ulilihitaji sikukupa. Hiyo ndiyo inaniamsha usiku.

Lakini si hiyo tu. Kuna kitu nilifanya, na sijawahi kukuambia.

Ulipokuwa, tukimaliza kupura maharagwe, kabla hatujaonja hata sufuria moja, ulikuwa unapima, kwa lile kopo kubwa, gorogoro tatu za mbegu, za kuchaguliwa, unapeleka kwa nyumba tatu. Kwa Mama Kinoti hapo chini, kwa wale wa ng'ambo ya mto, na kwa yule mjane wa karibu na kanisa. Nikikuuliza kwa nini tunapeana mbegu nzuri hivyo, unasema hujapeana, umeweka. Nilidhani ni maneno ya kujifariji.

Basi ulipotuacha, mavuno ya kwanza yakanipata peke yangu. Niliogopa watu watakuja na bakuli kwa sababu walizoea. Kwa hivyo sikuanika nje. Niliyaanika ndani ya nyumba, chini ya kitanda na nyuma ya kabati, madirisha nimefunga, Karimi nikamwambia asiseme. Mama Kinoti akaniuliza tukitoka ibada, "Mlivuna aje?" Nikamwambia mdudu aliingia. Hapo mlangoni pa kanisa, Mama. Baada ya siku chache nikayamwaga yote kwa pipa la plastiki, nikakaza kifuniko, nikaweka kufuli kwa stoo, ufunguo nikaufunga kiunoni.

Wewe ungejua kwa kuuma moja tu. Hayakuwa yamekauka.

Nilipofungua pipa, mvua ikikaribia, joto lilinipiga usoni. Halafu harufu. Halafu nikaona ukungu umeyashikanisha yote kama keki. Niliyamwaga nyuma ya choo. Kuku walikuja, wakaangalia, wakaenda zao. Nilikaa chini hapo hapo nikaona nimerudi Mbeere bila kupanda gari.

Mama Kinoti alikuja bila kuitwa, nadhani ile harufu ndiyo ilimwita. Aliweka kiondo cha mbegu kwa meza, akasema, "Hizi ni za Mama Mutwiri. Aliweka kwangu." Zilikuwa mbegu zako za maharagwe ya nyayo, zile za madoa mekundu, zimechambuliwa moja moja. Akaangalia kule nyuma ya choo, akaniambia, "Huyo mdudu wenu alishiba." Nilitamani ardhi inimeze. Hajasema lingine juu ya hiyo mpaka leo, na mimi sijaomba msamaha mpaka leo. Nikimuona nainama nafunga kamba ya kiatu.

Haya yaliyo kwa turubai yametoka kwa zile mbegu, nilizipanda. Zimezaa. Si mengi, mvua ilikatika mapema, lakini ni safi. Asubuhi nimeuma moja, ikavunjika kwa sauti. Leo ndiyo siku ya kupima, na tangu asubuhi nashika gorogoro nairudisha chini. Mutwiri anasema kazi ya Embu inaisha mwezi huu. Juu hakuna hata wingu. Karimi alikohoa jana. Kila kitu kinaniambia funga mlango.

Mke wa mchungaji alitufundisha kwa kikundi kwamba kila asubuhi uangalie kile uko nacho, ukitaje kwa sauti, na moyo utazoea kuona vingi. Nimejaribu. Nataja maji, nataja mbuzi, nataja Karimi, na kila nikitaja kitu naanza kuogopa kukipoteza hicho hicho. Labda nafanya vibaya. Ama labda kutaja peke yake hakutoshi. Wewe sikukusikia ukitaja. Nilikuona ukipima na kupeleka, unarudi unaimba, kiondo kitupu kichwani kama kofia.

Ngoja nitoke kidogo.

Nimerudi. Nimepima ya kwanza, ya Mama Kinoti, nimeijaza mpaka juu na nikaongeza konzi moja ya kulipia ule uongo wangu. Karimi alinishika mkono. Akaniuliza kama zetu zimeisha. Nikamwambia, zimebaki kidogo. Halafu nikangoja, Mama, unajua nilikuwa nangoja nini. Ikabidi nijijibu mwenyewe. "Basi iko." Sauti ilitoka ndogo, kama ya mtu anayeazima. Karimi aliangalia turubai, akaniangalia, akasema tena, "Iko?" Nikasema iko. Akachukua leso akaikunja vile yeye hukunja, ikawa mpira.

Sasa nakuaga kabla jua halijapungua, niende hapo chini kabla hii nguvu haijaniacha. Pumzika, Mama. Siwezi kukuahidi kwamba sitaogopa, hapo ningekudanganya kama nilivyomdanganya jirani. Nakuahidi tu kwamba nitaanika nje. Kila mavuno, hapa uani, mahali mtu akipita anaona. Na nyumba tatu zitapata mbegu hata nikiwa naogopa, hata zikimwagika njiani. Ufunguo nimeutoa kiunoni. Uko kwa msumari karibu na picha yako, na Karimi anaufikia akisimama kwa kiti.

Kuna kitu kingine nilitaka kukuuliza, juu ya yule mjane, kama huwa

Mama Kinoti yuko langoni. Anaita, "Wenyewe mko?" Mimi ndiye nilikuwa nataka kwenda kwake, na amenitangulia, na sijapanga maneno ya kumwambia. Karimi amenipita mbio na ile leso mkononi, nimeogopa anaenda kuyafunika tena, lakini nasikia anamwambia iko, mbegu yako iko, mami ameweka, na sasa wananiita wote wawili nitoke na ile gorogoro, naweka kalamu chini nitoke, nataka tu ujue kwamba